Herbie Hancock hakuuza jazi, lakini deni la chupa lipo

Oktoba 1973 kampuni ya Columbia ilitoa albamu yenye vibao vinne tu, havina mwimbaji, na cha kwanza kinachukua dakika 15 na ushee. Kwa hesabu za wafanyabiashara wa santuri, mzigo wa namna hiyo haukustahili kwenda mbali. Head Hunters ya Herbie Hancock ilipanda hadi nafasi ya 13 kwenye chati kuu ya albamu ya Billboard, ikawa kwa wakati ule albamu ya jazi iliyouzwa kuliko zote, na baadaye ikavuka nakala milioni moja Marekani. Mwaka 2007 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza kwenye orodha ya rekodi zinazotakiwa kuhifadhiwa kama urithi wa taifa.

Pamoja na heshima yote hiyo, bado wapo wanaosema kwamba siku albamu hii ilipotoka ndiyo siku mpiga kinanda bora wa kizazi chake alipoamua kutafuta hela. Na si watu wa kupuuzwa. Wanaijua kazi yake ya nyuma vizuri kuliko wengi wanaomsifu.

Msomaji aliyekulia kwenye dansi la Tanzania atahitaji tahadhari ndogo hapa. Jazi tunayoizungumzia si ile iliyokuwa kwenye majina ya Morogoro Jazz, Western Jazz au Nuta Jazz. Bendi zetu zilichukua jina, zikashika magitaa, zikapigia watu wacheze. Marekani mambo yalikuwa yamekwenda upande mwingine. Kufikia miaka ya 1960 sehemu kubwa ya jazi ilikuwa muziki wa kukaa kitako na kusikiliza, wenye mashabiki wanaohesabu mabadiliko ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) kama wakaguzi wa mahesabu. Nalitaja hili kwa sababu nusu ya shtaka dhidi ya Head Hunters imejengwa juu ya imani kwamba jazi ikishachezeka imeshushwa hadhi. Mpelekee shtaka hilo mtu aliyekuwa akimfuata Mbaraka Mwinshehe kila mwisho wa wiki. Atakuuliza kosa lenyewe liko wapi.

Hancock alizaliwa Chicago mwaka 1940. Akiwa na miaka 11 alipiga tamasha la Mozart na okestra ya jiji hilo. Chuoni alianza na uhandisi wa umeme kabla ya muziki kumshinda nguvu, jambo litakalokuja kuwa na maana vyombo vya umeme vitakapofika. Kuanzia 1963 hadi 1968 alikuwa kwenye kundi la watu watano la mpiga tarumbeta Miles Davis, kundi ambalo wengi hulihesabu kati ya makubwa kabisa katika historia ya jazi. Mtu wa namna hiyo akipiga kodi mbili kwa dakika kadhaa mfululizo, huwezi kusema hajui nyingine. Lazima uulize kwa nini ameamua hivyo.

Jibu linaanzia kwenye bendi iliyotangulia, na hiyo Mswahili anaweza kuipenda hata kabla ya kusikia noti moja. Kati ya 1970 na 1973 Hancock aliongoza kundi la watu sita waliojipa majina ya Kiswahili. Mpiga ngoma James Mtume, aliyekuwa mfuasi wa mwanaharakati Maulana Karenga na falsafa yake iliyoitwa Kawaida, ndiye aliyewaletea majina hayo. Enzi zile Kiswahili kilikuwa kwa Wamarekani weusi wengi lugha ya kujirudishia Afrika. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa drams akawa Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kweli alikuwa daktari, akawa Mganga. Bennie Maupin akaitwa Mwile. Julian Priester wa tromboni alipewa Pepo Mtoto, jina ambalo huku kwetu bibi yeyote angelikataa mlangoni.

Kundi hilo lilitoa albamu tatu: Mwandishi mwaka 1971, Crossings mwaka 1972 na Sextant mapema 1973. Ni muziki mgumu, mpana, wenye sauti za vinanda vya mitambo (sinthesaiza) alizozileta Patrick Gleeson, na midundo isiyogawanyika kirahisi. Kibao kimoja cha Sextant kinakwenda kwa mapigo 19 kila mzunguko. Binafsi naona Crossings ni kazi ya ujasiri kuliko chochote alichofanya baadaye. Lakini ujasiri ule ulikuwa na gharama. Vyombo vilikuwa vingi na mizigo ya kusafirishwa mizito, na kumbi hazikujaa. Hancock mwenyewe amesimulia kwamba alikuwa akiibeba bendi kwa mirabaha ya tungo zake za zamani. Mwaka 1973 akaivunja.

Kuna kejeli hapa ambayo wakosoaji wa Head Hunters huipita haraka. Bendi yenye majina ya Kiafrika, iliyotoa kibao kwa heshima ya mwanaharakati Angela Davis, haikuwa ikisikika kwenye nyumba za watu weusi wa kawaida. Walikuwa wakimsikiliza Sly Stone, James Brown na Stevie Wonder, nyota wa soul na fanki, muziki wa watu weusi wa kuchezeka. Bendi ya Waswahili wa hiari ilikuwa ikiwapigia zaidi wanafunzi wa vyuo na mashabiki wa majaribio.

Hancock ameeleza jinsi uamuzi ulivyomjia. Mwaka 1972 alikuwa ameingia kwenye Ubuddha wa Nichiren, tawi la Kijapani, kwa kuvutwa na Buster Williams. Siku moja akiwa kwenye kuomba kwa kukariri, wimbo wa Sly Stone ukawa unamrudia kichwani. Akajiona akipiga kwenye bendi ya Sly, akafurahi. Kisha picha ikageuka: akaiona bendi yake mwenyewe ikipiga fanki, Sly akiwa mmoja wa wapigaji wake, na moyo ukasita. Kusita kule ndiko kulikomshtua. Aliona kwamba ana dharau ileile ambayo amekuwa akiichukia kwa wababe wa jazi. Mtu anaweza kusema simulizi hii ni ya kujisafisha, na kweli imesimuliwa na mwenye maslahi. Hata hivyo haina sura ya uongo wa kibiashara. Anayetaka kuficha tamaa hasemi kwamba alikuwa na majivuno.

Kwenye bendi mpya alimbakiza mtu mmoja tu kutoka ile ya zamani, Bennie Maupin wa saksofoni. Akamchukua Paul Jackson, mpiga besi wa Oakland, Harvey Mason wa drams, na Bill Summers wa ngoma na vyombo vidogo. Gitaa hakuweka. Bendi ya fanki bila gitaa la ridhimu ni jambo la ajabu, na hapo ndipo siri ya sauti ya albamu hii ilipo. Kazi ya gitaa Hancock aliibeba mwenyewe kwa Clavinet, kinanda chenye nyuzi ndani yake zinazopokelewa na umeme kama za gitaa. Stevie Wonder alikuwa amekwisha kukifundisha chombo hicho kusema fanki. Hancock akakifanya kikwaruze.

Walirekodi San Francisco, kwenye studio za Wally Heider na Different Fur, ile ya pili ikiwa imeanzishwa na Gleeson huyohuyo wa bendi ya Mwandishi. Mtayarishaji alikuwa David Rubinson pamoja na Hancock. Kwa hiyo wanaodhani kulikuwa na ukuta kati ya Hancock wa majaribio na Hancock wa fanki wajue kwamba ukuta huo ulikuwa na mlango mpana. Ni mji uleule, mtayarishaji yuleyule, na maarifa yaleyale ya mitambo. Fanki yenyewe alishaigusa mwaka 1969 kwenye albamu ya Fat Albert Rotunda.

Sikiliza Chameleon ukiwa na subira. Ile besi inayofungua, ambayo kila mwanafunzi wa muziki duniani amewahi kuipiga vibaya, si gitaa la besi. Ni ARP Odyssey, kinanda cha mitambo kilichokuwa kipya sokoni, kinachoweza kutoa noti mbili tu kwa wakati mmoja. Paul Jackson anaingia juu yake na besi yake kwenye noti za juu, fupifupi, mpaka sikio linadhani ni gitaa. Drams za Mason zinaingia, kisha Clavinet, kisha Maupin na wimbo wenyewe. Kila mmoja amepewa nafasi yake na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Chini yao kuna kodi mbili, B♭ ndogo na E♭, zinazorudi na kurudi.

Wakosoaji hushika hapo: kodi mbili! Lakini kwenye solo ya Odyssey Hancock anafanya jambo ambalo piano haiwezi. Anapinda noti, anaivuta, anaiacha idondoke, kama mwimbaji aliyechoka kuimba kwa adabu. Kwa kuwa kodi zimesimama, kinachobadilika ni rangi ya sauti na mahali pa kuiweka ndani ya mdundo. Ni elimu nyingine. Katikati muziki unageuka, sauti za nyuzi za mitambo zinaingia na Hancock anahamia Fender Rhodes, piano ya umeme, kwa solo ndefu yenye jazi tupu. Sehemu hiyo, lazima niseme, ndiyo dhaifu kwangu. Zile nyuzi zimezeeka vibaya, zinanukia filamu za televisheni za miaka ile.

Anayetaka ushahidi kwamba jazi haikuachwa aruke moja kwa moja hadi Sly, kibao cha tatu. Kinaanza kwa utulivu, kisha kinafyatuka mwendo, Maupin na Hancock wakipeana solo za moto ambazo zingekubalika kwenye jukwaa lolote la Miles. Jina la kibao ni heshima kwa mwanafanki, ila ndani yake ndicho chenye jazi kuliko vyote. Sidhani kama ni bahati mbaya. Vein Melter, cha mwisho, ni cha polepole, kina kiza, na Maupin anapiga klarineti ya besi kana kwamba bendi ya Mwandishi imerudi kuaga. Wengi waliomnunulia Hancock Chameleon nadhani hawakukifikia.

Tuwape basi wapinzani nafasi yao, tena kwa haki. Hoja yao yenye nguvu haimo kwenye kodi. Imo kwenye kampuni. Karibu na mwaka huo Columbia iliwavunjia mikataba wanamuziki wa jazi wazito: Charles Mingus, Ornette Coleman, Bill Evans na Keith Jarrett. Ukiwa Mingus, umetolewa nje, na muda mfupi baadaye unaona kampuni hiyohiyo ikiweka nguvu kwenye albamu ya fanki yenye jina la jazi, utakuwa na roho ngumu kweli usipoona uhusiano. Mafanikio ya Head Hunters yaliwapa wenye kampuni kipimo kipya. Kuanzia hapo kila mpiga piano aliyeingia ofisini na kinanda kisicho na umeme aliulizwa kwa nini hauzi kama Herbie. Hilo ni jeraha la kweli, na wasanii waliolibeba hawakuwa wamekosa chochote.

Hoja ya pili inatoka kwa kizazi kilichofuata. Wynton Marsalis, kijana wa tarumbeta aliyepiga na Hancock mwenyewe mwaka 1981, alikuja kuwa msemaji mkuu wa wanaoamini kwamba mwanajazi anayefuata pop anaitelekeza amana aliyokabidhiwa. Wawili hao walikutanishwa na jarida la Musician mwaka 1985 wakabishana waziwazi, mkubwa akitetea uhuru wa kujaribu na mdogo akitetea mipaka. Kwa kawaida kijana ndiye mvunja mipaka. Pale ilikuwa kinyume. Marsalis alikuwa na la kusema. Ukisikiliza baadhi ya albamu za Hancock za mwishoni mwa miaka ya 1970, zile za disko ambamo anaimba kupitia mtambo wa kugeuza sauti, utaona mtu ambaye kweli anaangalia soko kuliko muziki. Mimi siwezi kuzitetea.

Ila kosa la wapinzani ni kuihukumu Head Hunters kwa makosa ya wadogo zake. Mwaka 1973 hapakuwa na fomula ya kufuata. Hakuna aliyemwambia Hancock kwamba kibao cha dakika 15 bila mwimbaji kitauzwa. Redioni ilibidi kikatwe vipande. Angetaka hela za haraka angeajiri mwimbaji na gitaa, akatoa nyimbo za dakika tatu. Halafu mwaka 1976, akiwa na soko mkononi, alirudi kwenye piano ya kawaida na wenzake wa zamani wa Miles kwenye tamasha la Newport, kundi likaitwa V.S.O.P. Anayeuza nyumba harudi kulala humo. Shtaka la usaliti kwa albamu hii, kwa maoni yangu, limepelekwa kwa mtu asiyehusika. Mwenye kujibu kuhusu Mingus ni Columbia.

Kuna shtaka lingine ambalo halikusikika sana wakati ule, na hilo ndilo linalonisumbua kila ninapoisikiliza albamu. Liko kwenye kibao cha pili.

Watermelon Man ni utunzi wa Hancock wa mwaka 1962, uliotokana na kumbukumbu ya muuza matikiti wa Chicago na magurudumu ya mkokoteni wake juu ya mawe ya uchochoro. Mwaka uliofuata Mongo Santamaría wa Kuba aliupiga kwa mtindo wake ukavuma sana. Mwaka 1973 Harvey Mason aliupanga upya, ukapunguzwa mwendo mpaka ukawa mzito na wa kuburuza. Lakini kinachokumbukwa ni mwanzo wake: pumzi kwenye chupa, sauti ya mtu, pumzi tena, tabaka juu ya tabaka, mpaka zinakuwa msitu mzima. Ni Bill Summers akipuliza chupa ya bia na kuimba katikati ya pumzi.

Mtindo huo ni hindewhu wa Ba-Benzélé, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wao hutumia filimbi ndogo ya noti moja, wakibadilishana filimbi na sauti ya koo, na hupigwa kutangaza kwamba waliokwenda kuwinda wanarudi. Ulifika studio za San Francisco kupitia santuri iliyorekodiwa na Simha Arom na Geneviève Taurelle na kutolewa mwaka 1966. Summers hakukata kipande cha santuri hiyo. Aliusoma mtindo, akautendea kazi kwa chupa na mapafu yake, na alichotengeneza kina uzuri wake wenyewe.

Mtafiti wa muziki Steven Feld alipomuuliza Hancock kuhusu jambo hilo miaka baadaye, jibu lilikuwa kwamba hili ni suala la ndugu kwa ndugu: sote tunapiga muziki wa Afrika, sihitaji kwenda huko kuzungumza nao. Jibu hilo lina uzito, na nisingependa lidhihakiwe. Mjukuu wa watu waliochukuliwa Afrika kwa nguvu hayuko kwenye nafasi moja na kampuni ya Ulaya inayokuja na kinasa sauti. Hata jalada la Head Hunters linamvisha kinyago cha mtindo wa Wabaule wa Ivory Coast, na mtu aliyejiita Mwandishi hakuwa akiigiza mapenzi yake kwa bara hili.

Tatizo ni kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Mwaka 1994 Madonna alitumia kipande cha Watermelon Man kwenye wimbo wake Sanctuary, na jina la Hancock likaandikwa miongoni mwa watunzi, kama sheria inavyotaka. Sheria hiyo inamtambua mwenye utunzi na mwenye rekodi. Mtindo wa kijiji kizima, uliopokezanwa bila karatasi, hauna mstari wa kuujaza kwenye fomu. Ndugu mmoja alipokea mirabaha mara mbili. Mwingine hakujua hata kwamba amefika Marekani.

Mtu anaweza kunijibu kwamba nikianza kudai hivyo nitaua muziki wote, maana blues, rumba na taarabu vyote vimekopa. Kweli, na kama hoja ingekuwa kukopa ningenyamaza. Santuri za Kuba zilipofika Kinshasa na Dar es Salaam hakuna aliyetuma hundi Havana. Tofauti ni kwamba Ba-Benzélé wanajulikana kwa jina, rekodi iliyochukuliwa inajulikana, na mapato ya kibao yanajulikana. Mkopo wenye maandishi kamili namna hii si ule uliopotelea kwenye historia.

Nani aanze? Santuri ile ya 1966 ilitolewa kwenye mkusanyo wa UNESCO. Tangu 2011 Hancock ni balozi mwema wa UNESCO, na ndiye aliyesukuma hadi shirika hilo likaitambua Aprili 30 kuwa Siku ya Kimataifa ya Jazi. Wenye rekodi, wenye utunzi na wenye jukwaa la kimataifa wanakaa meza moja kila mwaka. Fungu la mirabaha ya kibao kimoja cha dakika sita na nusu, likipelekwa kwa jamii yenye jina na makazi, haliwezi kumfilisi yeyote kati yao.